Kulinda Saa ya Mwalimu

Nilikabidhiwa ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya umma huku Kayole, Nairobi, mapema mwaka wa 2023, gredi ya saba ya kwanza ilipokuwa ikiingia. Mpango wa awali wa Mtaala wa Umilisi ulikuwa watoto watuage baada ya gredi ya sita. Desemba 2022 serikali ikaamua sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, ikae ndani ya shule za msingi, na wiki chache baadaye tukafungua muhula. Kufikia 2025 gredi ya tisa nayo ilikuwa kwetu, mwaka mmoja zaidi ya darasa la nane tulilozoea chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, na kiwanja chetu hakijaongezeka hata hatua moja.

Manaibu wapya wa shule jirani hunipigia simu kuuliza kazi hii inataka nini, na jibu langu halijabadilika: linda saa ya mwalimu. Nasema zile dakika arobaini za kipindi, na ile saa ya jioni anayopaswa kuandaa somo la kesho. Karibu kila jambo linaloingia lango la shule, liwe agizo, fomu, mgeni, mtoto mgonjwa au mzazi mwenye hasira, mwishowe humwangukia mwalimu wa darasa. Asipokuwepo mtu wa kulipokea kabla halijamfikia, somo ndilo huumia. Nimeona walimu hodari wakichoshwa na mambo ya kando hadi wanaingia darasani wakiwa hawana nguvu za kufundisha, na hilo linaniuma kuliko upungufu wa madawati.

Nilianza na alama. Kwa utaratibu wa sasa, anayemaliza gredi ya tisa hupangiwa sekondari pevu, inayoanza gredi ya kumi, kwa kujumlisha mambo matatu: asilimia 20 kutoka tathmini ya kitaifa ya KPSEA aliyoifanya gredi ya sita, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane, na asilimia 60 kutoka KJSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi ya tisa, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025. Kwa hivyo alama aliyoiandika mwalimu wa gredi ya saba siku ya kawaida kabisa, huku mvua ikipiga mabati, ingali inamfuata mtoto miaka miwili baadaye anapotafutiwa shule. Wazazi wengi hawalijui hilo. Mwalimu analijua, na ndiyo maana kazi hii humnyima usingizi.

Utaratibu wenyewe ni mrefu. Kazi ya tathmini hupakuliwa kutoka tovuti ya baraza la mitihani, KNEC, huchapishwa, husimamiwa, husahihishwa kwa mwongozo wake, kisha alama za kila mtoto hurudishwa kwenye tovuti. Sekondari msingi ina masomo tisa, baada ya kupunguzwa kutoka kumi na manne, na baadhi ya madarasa yetu yana watoto zaidi ya themanini. Niliwakuta walimu wakienda saiba, vile vibanda vya intaneti, jioni, daftari kwapani, wakilipia bando kwa pesa zao wenyewe, kisha wakirudi nyumbani usiku kabla hata hawajafikiria somo la kesho.

Tulipanga hivi. Mwalimu huandika alama kwenye daftari lake siku ile ile anayosahihisha. Ijumaa asubuhi karani wa shule na mwalimu mmoja mwenye mkono mwepesi wa kompyuta huziingiza kwenye jedwali, na mwenye somo hukagua jina kwa jina na kutia sahihi. Kupakia hufanywa alfajiri, na hufanywa mapema, maana juma la mwisho shule zote za nchi huwa ziko mtandaoni na intaneti yetu haifui dafu. Yule mwalimu wa kompyuta tulimpunguzia vipindi ili kazi hiyo isije ikawa mzigo juu ya mzigo. Bando na karatasi zikaingia kwenye bajeti, na hapo ilibidi nisimame mbele ya Bodi ya Usimamizi na kueleza kwa nini. Mjumbe mmoja aliuliza kama hiyo si kazi ya mwalimu. Nilimjibu kwamba kazi ya mwalimu ni kumjua mtoto na kumpa alama anayostahili. Kuketi saiba hadi saa tatu usiku hakumfanyi amjue zaidi. Bajeti ikapita.

Kisha kuna suala la mwalimu na somo ambalo hakulisomea. Chuoni mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili. Sayansi Jumuishi inamtaka awe mtu wa fizikia, kemia na biolojia kwa pamoja, na Masomo ya Awali ya Kiufundi yameunganisha kompyuta, biashara na ufundi. Shule kama yetu haipati mwalimu wa kila tawi. Tulichoweza kufanya ni kuwaruhusu wabadilishane mada: mwalimu wa hesabu na fizikia afundishe umeme katika madarasa yote, mwenzake wa kemia na biolojia achukue asidi na besi. Ratiba ilinisumbua kichwa, lakini kuipanga ni kazi ya naibu na niliifanya. Miundo ya mtaala niliipakua mwenyewe kutoka hazina ya mtandaoni ya taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ambayo wao huiita Kenya Education Cloud, nikaiweka kwenye flashi moja ofisini na kwenye simu ya kila mwalimu, ili mtu asipoteze jioni akitafuta ukurasa. Na vile vishikwambi vilivyoletwa mashuleni kuanzia 2016 kwa watoto wa darasa la kwanza, vilivyokuwa vimefungiwa stoo, tulivitoa tukavichaji. Vile vinavyowaka hutumika kuonyesha picha na kurekodi watoto wakisoma kwa sauti.

Maabara hatuna. Nilikaa nyuma ya darasa la gredi ya saba siku mwalimu wetu wa kemia alipofundisha asidi na besi. Alikuwa amechemsha kabeji nyekundu nyumbani, akaja na maji yake ya zambarau kwenye chupa ya soda. Mezani alipanga vikombe vya plastiki: maji ya ndimu, siki, maji ya magadi, maji ya sabuni ya kipande. Akamwita msichana mmoja atie kijiko cha yale maji kwenye ndimu, na papo hapo yakawa mekundu. Kwenye magadi yakageuka kijani. Watoto wa nyuma walisimama juu ya madawati ili waone. Mwalimu hakuwakemea, wala hakutaja neno asidi. Aliwaambia waandike kwanza walichokiona, kila mtu kwa maneno yake, ndipo akaanza kueleza. Gharama ya somo lile ilikuwa kabeji moja aliyoinunua soko la Wakulima. Kilichohitajika zaidi ni jioni tulivu ya kulifikiria, na jioni hiyo alikuwa nayo kwa sababu hakuwa saiba.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hulikwepa, nalo ni mgawanyiko katika chumba cha walimu. Walimu wa sekondari msingi, wengi wao wakiwa wameanza kama walimu tarajali kwa posho ya Sh20,000 kabla ya makato, wamekuwa wakidai wapewe usimamizi wao. Walimu wa shule ya msingi nao waliona vijana wenye digrii wamekuja kuwafunza mtaala ambao wao wameubeba tangu 2019, ulipoanza nchini kote kutoka chekechea hadi gredi ya tatu. Madai ya mishahara na uongozi yana haki ya kusikizwa, na wenye kuyaamua ni tume ya kuajiri walimu, TSC, na vyama vya walimu. Lakini kengele ya asubuhi haisubiri uamuzi huo. Kwetu kulikuwa na meza mbili za chai, na mwalimu wa gredi ya saba hakujua mtoto aliyepokea alikuwa na shida gani gredi ya sita, ilhali aliyemfundisha ameketi hatua kumi kutoka kwake.

Tukaanzisha vikao vya masomo. Walimu wa Kiswahili wa gredi ya nne hadi ya tisa huketi pamoja, wa Hesabu vivyo hivyo, wakati wa michezo ambapo watoto wako uwanjani na walimu wachache wa zamu. Hakuna kumbukumbu ndefu wala hotuba. Kila mmoja huleta kazi za watoto na swali moja. Mwalimu wa gredi ya sita, mama aliyebakisha miaka michache astaafu, ndiye aliyewaonyesha vijana jinsi ya kutathmini kwa viwango vinne bila kuchanganyikiwa: pitia kazi zote kwanza bila kalamu mkononi, zipange mafungu manne mezani, walio chini ya matarajio, wanaokaribia, waliofikia na waliozidi, kisha lilinganishe kila fungu na mwongozo ndipo uandike. Vijana nao wakamfundisha jedwali la kompyuta hadi akawa anaingiza alama mwenyewe. "Mwalimu," aliniambia kwenye ngazi, "hawa watoto ulioniletea wana heshima na wana akili." Nao humwita Mama. Meza za chai zikaunganishwa na wenyewe, mimi sikutoa amri.

Pesa nitazitaja kwa ufupi, maana mengi hayamo mikononi mwetu. Mgao wa serikali ni Sh1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi na Sh15,042 kwa wa sekondari msingi, nazo hupangwa kutolewa kwa awamu za asilimia 50, 30 na 20 kufuata mihula. Zikichelewa, unachukua chaki kwa deni na unamwomba mwenye duka subira. Sehemu iliyo mikononi mwetu ni moja: fedha hizo humfuata mtoto aliyeandikishwa katika mfumo wa taarifa za elimu, na tangu enzi ya mfumo wa kwanza, NEMIS, kabla ya kuja kwa ule mpya, KEMIS, kuandikishwa huko kumeambatana na nambari ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti anakula, anasoma na kutumia choo kama wenzake, lakini kwenye hesabu ni kama hayupo.

Mwalimu wa darasa ndiye aliyekuwa akiagizwa kuwafuatilia wazazi. Alikuwa akipiga simu wakati wa kipindi, mzazi akija anatolewa darasani kumwelekeza. Tuliihamisha kazi hiyo. Mama mmoja anayeuza mitumba alikuja ofisini kwangu na bahasha iliyokunjwa mara nyingi. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto, imechakaa hadi tarehe za chanjo zilikuwa zikisomeka kwa shida. "Mwalimu, huyu nilimzalia ushago kwa mamangu," akasema. "Nilidhani hiyo kadi ndiyo cheti." Nilimwambia ukweli, kwamba kadi ile ni mwanzo mzuri na hakuharibikiwa. Tukaandika pamoja kwenye karatasi vinavyohitajika: kitambulisho chake, kadi ile, barua ya chifu, barua ya shule, kisha Huduma Centre ya Makadara wamwelekeze kuhusu uandikishaji uliochelewa. Cheti chenyewe ada yake ilipanda kutoka Sh50 hadi Sh200 mwaka wa 2024, na kwa mtu anayehesabu nauli, hiyo si pesa ndogo. Sasa kila muhula tunamwomba chifu afike shuleni alasiri moja, wazazi wa watoto wasio na vyeti wanaitwa pamoja, na barua zinaandikwa hapo hapo chini ya mti. Karani ndiye mwenye orodha. Mwalimu wa darasa anaarifiwa tu mtoto wake anapopata.

Alasiri zetu zilirudi kwa sababu ya chakula. Mpango wa Dishi na County ulioanzishwa na Kaunti ya Nairobi mwaka wa 2023 pamoja na shirika la Food4Education humpa mtoto chakula cha mchana kwa Sh5 kutoka kwa mzazi, na mtoto hulipa kwa kugusisha bangili aliyoivaa mkononi. Kabla ya hapo wengi walienda nyumbani saa saba na kukuta mlango umefungwa. Wengine walirudi saa tisa, wengine hawakurudi, na waliorudi njaa ilikuwa imewalaza juu ya dawati. Yeyote aliyewahi kufundisha Hesabu saa nane mchana mbele ya watoto wenye njaa anajua kwamba hakuna mbinu ya ufundishaji inayoshinda sahani ya wali na ndengu. Naliamini hili kwa moyo wote: ukinipa nafasi ya kuchagua kati ya chumba cha kompyuta na jiko, nitachagua jiko. Kero ndogo zipo, bangili hupotea na mzazi husahau kuweka pesa, lakini zinashughulikiwa na wawakilishi wa wazazi kwenye foleni. Mwalimu hahesabu bangili.

Mwalimu akipata nafasi ya kutazama, huona. Tulikuwa na mvulana wa gredi ya nne ambaye ripoti zake zilisema ni mtundu na hafuati maagizo. Mwalimu wake mpya alikaa naye kipindi cha kusoma na kugundua kwamba akiitwa kutoka upande wa kulia hugeuka, na akiitwa kutoka kushoto huendelea na shughuli zake. Hakumwambia mtu kwamba mtoto ana shida ya masikio, maana hilo si letu kuamua. Alikuja kwangu, tukamwita mzazi, tukaandika barua ya rufaa kwenda kituo cha tathmini cha elimu maalumu, vile vituo vinavyojulikana kwa jina EARC, na kutoka huko akaelekezwa taasisi ya elimu maalumu, KISE, Kasarani. Kutoka kwetu ni matatu ya Outering hadi Allsops, kisha Barabara ya Thika. Mama yake aliogopa neno "maalumu", akidhani mtoto atahamishwa. Alirudi na ushauri mwepesi kuliko alivyotarajia: akae mbele, sikio la kulia likimwelekea mwalimu, mwalimu asizungumze akiwa ameupa darasa mgongo, maagizo marefu yaandikwe ubaoni. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii vizuri, labda kwa muda mrefu. Katika kusoma Kiswahili alikuwa chini ya matarajio, na muhula uliofuata alikuwa anakaribia. Ninawasihi wasimamizi wenzangu: msiache neno "mtundu" likae kwenye ripoti bila kuuliza mtoto anasikia vipi, anaona vipi, na alikula nini.

Kwa jambo hilo hilo nitaongeza kwamba fimbo ilipigwa marufuku mashuleni mwaka wa 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalitia muhuri. Mwalimu aliyechoka huishika upesi kuliko aliyepumzika. Na mtoto akieleza jambo zito lililompata nyumbani au njiani, nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, haitozi na hujibiwa. Imebandikwa ukutani ofisini, chumba cha walimu, na nyuma ya milango ya vyoo vya watoto.

Kazi iliyo mbele yetu sasa ni gredi ya tisa. Kundi la kwanza liliingia gredi ya kumi Januari 2026, na kila mtoto alikuwa amechagua mkondo kati ya mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Pamoja na mkondo huja masomo matatu ya kuchagua, juu ya Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hesabu na Huduma kwa Jamii, halafu orodha ya shule kumi na mbili, za bweni na za kutwa. Wazazi wa kundi lile walikuja mmoja mmoja jioni, wakiwa na simu mkononi na jina la shule aliyosoma mjomba, wakitaka mwalimu awachagulie. Baba mmoja, fundi wa magari, alisisitiza STEM kwa binti ambaye majalada yake ya kazi za darasani yote yalikuwa yamejaa michoro. Mwalimu wa Sanaa Bunifu alimfungulia majalada hayo kwenye meza, ya gredi ya saba hadi ya tisa, akamwacha ayatazame bila haraka. Waliongea hadi giza likaingia, na uamuzi alioufikia baba na binti yake ulikuwa wao wenyewe.

Mazungumzo yale yalikuwa mazuri, lakini hayawezi kurudiwa jioni kwa kila mtoto na walimu wale wale wachache wakabaki na nguvu. Kwa hivyo kwa kundi linalofuata mkutano wa mikondo tumeuvuta hadi muhula wa kwanza. Majalada yatapangwa darasani kwa majina, mzazi ataketi na mtoto wake na kuyapitia kwanza, na walimu wa sekondari msingi na wa msingi watazunguka pamoja kujibu maswali. Tumemwomba mwalimu kutoka sekondari pevu iliyo karibu aje aeleze masomo ambayo shule yake inaweza kuyafundisha kweli, kwa walimu na vyumba ilivyo navyo. Mkutano utakuwa Jumamosi asubuhi, chai itatolewa na chama cha wazazi, na walimu watakaokuja watapewa alasiri moja ya juma litakalofuata bila vipindi.